Kushuka Bila Kuanguka

Amri ilisomwa asubuhi katika baraza la Nanjechu, kabla ya kesi ya kwanza, na karani Cecil ilimbidi aisome mara mbili kwa sababu mara ya kwanza watu walidhani anafanya mzaha. Kuanzia mwezi ujao matarishi wa baraza watafanya kazi kwa baiskeli za serikali. Bwana Shauri mpya, Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja mwenyewe kuwatazama mmoja mmoja. Tarishi atatakiwa apande, aende mpaka mwisho wa uwanja, arudi, ashuke, apige saluti na kukabidhi barua. Atakayeanguka ataachishwa kazi kwa heshima.

"Kwa heshima," Lukmani alirudia. "Yaani watanifukuza huku wananishika mkono."

Matarishi walikuwa watatu. Alfani, aliyeajiriwa juzijuzi, aliwahi kupeleka mikate kwa baiskeli huko Lindi, kwa hiyo aliisikiliza amri huku akijitahidi asicheke. Lukmani na Bwanali walikuwa watu wazima waliokwisha kupata wajukuu. Tangu kabla ya vita vya Hitla walikuwa wakitembea na mikoba ya barua begani, Lukmani upande wa mteremko wa kuelekea Chidya, Bwanali upande wa Makote, na hakuna aliyewahi kuwauliza walifikaje. Waliulizwa tu kama wamefika.

Bwanali alirudi nyumbani akamkuta mkewe Mwanne amepiga magoti kibandani, akilainisha tumbo la mtungi kwa gunzi la muhindi.

"Mama Mrisho, wanataka tuendeshe baiskeli."

"Nani?"

"Sisi. Matarishi."

Mwanne hakuinua macho. "Kwani barua zilikuwa zikichacha njiani?"

"Nisipoweza, kazi imekwisha."

Hapo mkono wa Mwanne ulisimama. Alimtazama mumewe, akaitazama tarbushi yake nyekundu, akaitazama na nyumba waliyokaa, iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo wake yeye, kama ilivyo desturi. Mume huja kukaa kwa kina mkewe. Akiwa na kazi ya serikali huitwa bwana, na shemeji zake humtengea kiti. Asipokuwa nayo huitwa yule mume wa fulani, na hutumwa kuni.

"Basi jifunze," alisema.

"Kwa umri huu?"

"Kwa umri huu unakula. Kwa umri huu unavaa. Jifunze."

*

Katika kitongoji chao baiskeli ilikuwa moja, na ilikuwa ya Mahmudu, mdogo wake Mwanne. Mahmudu ndiye mjomba wa watoto, na baada ya mama yake na Mwanne kufa yeye ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo. Aliitumia baiskeli kupeleka korosho zake kwa Mhindi wa Newala, na alipokuwa hana safari aliiegemeza mbele ya nyumba mahali ambapo kila apitaye angeiona.

Bwanali alimkuta amekaa barazani anakula korosho za kuchoma. Alisimama. Mahmudu akaendelea kubangua. Kwa kawaida mdogo ndiye huanza kusalimu, na Bwanali alingoja salamu yake huku jua likimpiga kisogoni, mpaka ganda la mwisho likatupwa uani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Nimekuja na shida."

"Nimesikia. Cecil kampa mkewe habari, mkewe kampa mke wangu." Mahmudu alijifuta majivu ya korosho vidoleni. "Lakini baiskeli si punda, shemeji. Punda ukianguka anasimama anakungoja. Baiskeli inavunjika."

"Nitaitunza."

"Utaichukua baada ya alasiri, na magharibi iwe imerudi. Mnyororo utausafisha wewe. Na usiende nayo barabarani wateja wangu wakakuona. Watasema Mahmudu kafilisika, anakodisha."

Bwanali alishukuru. Aliisukuma baiskeli mpaka kwake akiwa ameishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayemshika beberu pembe, na nyuma yake alisikia shemejiye akimwambia mtu ndani, "Tutaona vituko."

Vituko vilionekana. Ardhi ya uwandani kule ni mchanga mwekundu unaomeza gurudumu mpaka nusu, na Bwanali alichagua kujifunzia nyuma ya nyumba, penye mchanga mwingi kuliko kote, ili asionekane. Alionekana. Kila alasiri alivaa kaptura yake ya kaki, akautundika mkoba wa barua begani kwa sababu alitaka kufanya kama siku yenyewe, akaruka juu ya baiskeli, akayumba, akapiga kelele "Ondokeni!" hata pale ambapo hapakuwa na mtu, akaanguka. Akaamka, akaruka tena, akaanguka tena. Wanawake waliotoka kuteka maji bondeni, na ndoo zimewaelemea vichwani, walisimama wakapumzika hapo hapo, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kabla ya kufika nyumbani.

Nyumbani alipata dawa ya michubuko na swali lile lile.

"Leo je?"

"Leo afadhali."

"Umekwenda?"

"Nimeanguka vizuri zaidi."

Lukmani alikuja kumpa pole siku moja, akiwa mchangamfu kupita kiasi. Alikuwa hajagusa baiskeli yoyote. Alikuwa amekwenda Masasi kwa mtaalamu anayekaa chini ya ile milima ya mawe, akarudi na hirizi ya kufungwa kwenye kifundo cha mguu. "Huyu amewapa watu mpaka leseni za lori," alisema. "Wewe jiumize tu, ndugu yangu. Mimi siku ile nitapanda na kwenda."

*

Siku ya Alhamisi Bwanali aliangukia vyungu.

Vilikuwa vyungu vya kazi ya nusu mwezi, vimepangwa kivulini vikikauka, na Mwanne alikuwa amekwisha kukusanya magome ya kuchomea. Baiskeli ilitoka mchangani ghafla, ikapata njia ngumu ya miguu, ikaenda kuliko ilivyowahi kwenda, na kwa mara ya kwanza Bwanali alikuwa akiendesha kweli. Alifurahi mno. Ndipo alipoviona vyungu, akavikodolea macho, akaviendea moja kwa moja.

Mwanne alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mumewe alikuwa amekaa katikati ya vigae, tarbushi imemfunika jicho.

"Nimeanguka," alisema, kana kwamba palikuwa na mtu asiyejua.

"Naona."

"Ni breki."

"Leo breki. Jana ilikuwa mchanga. Juzi ilikuwa mbuzi wa Mama Dominika, mbuzi ambaye alikuwa amefungwa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Bwanali zaidi. "Hivi vilikuwa vya gulio. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukavifuata."

"Sikuvifuata! Mwanamke, nafanya mazoezi kila siku, mwili mzima unauma, shemeji yako... ndugu yako ananicheka, halafu na wewe..."

"Hufanyi mazoezi," Mwanne alisema. "Unaanguka kila siku. Si kitu kimoja."

Aliinama akaanza kuokota vigae. Bwanali aliinuka naye akaokota. Udongo uliokuwa haujachomwa ulivunjikavunjika vidoleni mwake kama mkate uliokauka. Mwanne aliinua kipande cha mdomo wa mtungi, akakitazama kwa hasira, kisha akakitazama vingine.

"Nikifundisha msichana kufinyanga," alisema polepole, "simpi mtungi. Ataharibu mpaka aolewe. Nampa mdomo tu. Anafanya mdomo, naubomoa, anafanya mdomo, naubomoa. Ananichukia. Mdomo ukimkubali, ndipo nampa shingo. Wewe unataka mtungi mzima kila jioni. Unaruka, unapiga pedeli, unapinda, unashika breki, unabeba mkoba, unapiga kelele, vyote mara moja. Ukianguka hujui ni kipi kilichokuangusha, basi kesho unaangushwa na hicho hicho."

"Wewe baiskeli unaijuaje?"

"Baiskeli siijui. Ila kuanguka kwako nakujua. Nimekuangalia siku zote hizi, ningefanya nini, nizibe macho? Unaanguka kushoto. Kila mara kushoto. Mkoba uko bega gani?"

Bwanali alijishika bega. Mkoba ulikuwa kushoto.

*

Siku iliyofuata Mwanne alimtoa mchangani. Alimpeleka kwenye mteremko mfupi wa barabara ya malori ya korosho, mahali ambapo magurudumu yalikuwa yameshindilia udongo ukawa mgumu kama sakafu. Bwanali alisita.

"Mahmudu alikataza barabarani."

"Mahmudu nilimbeba mgongoni akinikojolea. Kaa kwenye kiti."

Kiti alikuwa amemwomba Alfani akishushe mpaka chini kabisa, hata miguu yote miwili ya Bwanali ikafika ardhini. Pedeli hakumruhusu aziguse. Mkoba aliuvaa yeye mwenyewe Mwanne. Kazi ya siku hiyo ilikuwa moja: ajisukume kwa miguu kama bata, aache baiskeli iteremke, aone itakaa wima kwa muda gani kabla hajagusa chini.

"Watu wananiona."

"Walikuona pia ukiwa katika vyungu."

Akateremka kama bata. Akapandisha baiskeli kwa kuisukuma, akateremka tena. Watu waliokuwa wakitoka gulioni walicheka mpaka wakaketi chini. Mzee mmoja alimwita mzee mwenzake kwa Kimakonde, "Nang'olo, umerudi utotoni?" Bwanali alitaka kuitupa baiskeli korongoni. Mwanne alisimama chini ya mteremko na mkoba wa serikali begani, mikono kiunoni, akisema neno moja tu kila alipofika: "Tena."

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Bwanali alisema kazi hii ni ya kijinga, yeye ni mtumishi wa serikali, si mtoto wake.

"Ungekuwa mwanangu ungekuwa umekwisha kujua," Mwanne alijibu. "Tena."

Jioni ile baiskeli iliteremka kutoka juu mpaka chini, na miguu yake haikugusa. Alijikuta amesimama mbele ya mkewe, wima. Alitaka kusema kitu kikubwa. Mwanne alisema, "Sasa macho."

Macho yake yalikuwa yakitazama gurudumu la mbele, kama mtu anayehofia litachomoka. Na kilichokuwa mbele ya gurudumu, akakifuata, ndiyo maana ya vyungu na mbuzi. Mwanne alifunga kanga yake kwenye tawi la mkorosho wa mbali akamwambia asitazame kitu kingine duniani. Alipoitazama kanga, alikwenda kwenye kanga. Alipochungulia chini, alikwenda mtaroni. Hilo lilichukua siku nyingi kuliko yote, kwa sababu mtu aliyetembea maisha yake yote hutazama anapokanyaga.

Hawakuwa wakipendana sana siku hizo. Nyumbani walikula ugali wa muhogo na kisamvu, kila mmoja akimpa mwenzake bega. Yeye alichoshwa na kuamrishwa, mkewe alichoshwa na kusimama juani wakati udongo unamkaukia kibandani. Usiku mmoja Mwanne alisikia kitanda kikilia, akageuka, akamkuta mumewe amelala chali macho yamefumbwa, mikono imeshika usukani usiokuwepo.

"Lala," alimwambia.

"Ninapinda kulia."

"Pinda, halafu ulale."

*

Kupanda alikuweza. Kupiga pedeli alikuweza. Kushuka kulimshinda.

Alikwenda vizuri, mkoba umerudi begani, kidevu juu, mpaka pale alipotakiwa asimame. Hapo alisahau breki kabisa. Alitupa miguu yote miwili chini ili atembee, na baiskeli ambayo haikuambiwa lolote iliendelea na safari yake. Mara ikampita katikati ya mapaja, mara ikamburuta.

"Miguu yako ndiyo inakuangusha," Mwanne alisema. "Ukiogopa kidogo tu, unataka kutembea."

"Imenilisha miaka yote."

"Iambie ingoje." Alichora mstari barabarani kwa kijiti. "Hapa unashika breki. Huendi kokote, huchukui kasi, unatoka pale kwenye kichuguu unafika hapa. Breki. Mguu wa kushoto. Basi."

Siku zilikuwa zimebaki chache, na mazoezi hayo hawajayaanza vizuri, Mahmudu akaja kuchukua baiskeli yake. Alikuwa na magunia ya korosho ya kupeleka Newala, bei ilikuwa imepanda, na hakuwa na muda wa michezo. Bwanali alimkabidhi. Mtu humwambia nini mwenye mali yake?

Mwanne alimfuata nduguye mpaka uani kwake, mikono bado ina udongo.

"Hebu iache mpaka siku ya baraza."

"Na korosho zangu nani atabeba, dada? Wewe?"

Alilisema kama mtu anavyosema neno la kufunga mazungumzo. Mwanne aliyatazama yale magunia.

"Mimi," alisema.

Mahmudu alicheka, kisha akaona kuwa dada yake hacheki. Angeweza kulirudisha neno lake. Mkewe alikuwa mlangoni akisikiliza, na majirani walikuwa wamesimama, akaona haya zaidi kurudi nyuma kuliko kwenda mbele. "Haya," alisema. "Shauri yako."

Mwanne aligawa korosho katika vikapu akazibeba kichwani kwenda Newala kwa Mhindi, alfajiri na mapema, akarudi adhuhuri, na kesho yake akaenda tena. Bwanali alimwambia asiende. Alimwambia mara ya pili kwa ukali. Mwanne alimwambia kama ana nguvu za kugombana aende akashike breki. Jioni alikaa juu ya kichuguu kandokando ya barabara, shingo imekakamaa hata hawezi kugeuka, akawa anamfuatisha mumewe kwa macho tu. Bwanali akatoka kwenye kichuguu, akafika mstarini, breki, mguu wa kushoto. Akarudi. Breki, mguu wa kushoto. Hakulalamika tena kuhusu watu. Aliona ile shingo kila alipogeuza baiskeli.

*

Siku ya baraza kuu Bwana Shauri alichelewa, na jua lilikuwa limepanda mpaka liwali mwenyewe, mkuu wa baraza, alikuwa akijipepea kwa kofia. Uwanja ulijaa. Bwana Shauri alikuwa kijana, pua imeungua, akisema Kiswahili cha vitabuni. Alimwita Alfani kwanza. Alfani alizunguka uwanja kwa mkono mmoja mpaka Cecil akamkoholea aache madoido.

Kisha Lukmani. Alikiinamia kifundo cha mguu wake, akagusa hirizi, akasoma kitu midomoni, akapanda kwa kusukumwa na watu wawili. Alikwenda. Kweli alikwenda, moja kwa moja, uso umejaa mshangao, mpaka kwenye benchi la wazee wa baraza, akaliingia. Wazee walianguka pamoja na benchi. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Lukmani aliinuka akiokota tarbushi yake, naye akacheka kidogo pamoja nao, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Pole sana," Bwana Shauri alisema, akamshika mkono.

Bwanali hakumbuki alivyopanda. Anakumbuka kwamba mwisho wa uwanja, nyuma ya watu, aliona kanga ya mkewe, akaitazama hiyo. Akapinda kulia. Akarudi, akamwona Bwana Shauri anakuwa mkubwa, miguu ikamwomba ruhusa ya kushuka, akaikatalia. Breki. Mguu wa kushoto. Akasimama, akashika baiskeli kwa mkono mmoja, akapiga saluti, akatoa barua mkobani.

"Vizuri," alisema Bwana Shauri.

Watu walipiga vigelegele, hata wale waliomcheka akiteremka kama bata. Mahmudu, aliyesimama karibu na liwali, aliwaambia waliomzunguka kuwa baiskeli aliyojifunzia ni yake.

Ndipo Cecil alipofungua karatasi yake. Baiskeli tatu ziliagizwa. Imefika moja. Zilizobaki zitakuja, lini haijaandikwa. Hiyo moja atapewa Alfani, kwa kuwa ndiye anayekwenda mbali mpaka Masasi. Bwanali ataendelea kwa miguu kama zamani. Na kwa kuwa Lukmani ameachishwa, na hakuna fungu la kuajiri mwingine mwaka huu, njia ya Lukmani ataichukua Bwanali.

Bwanali alidhani amesikia vibaya. "Kwa miguu?"

"Kwa sasa."

"Njia mbili?"

"Kwa sasa, mzee."

*

Alipomweleza mkewe, Mwanne alikuwa amelala kifudifudi mkekani, binti wa jirani akimkanda shingo kwa majani ya moto. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtaka aseme tena.

"Yaani Lukmani kafukuzwa kwa kuanguka kwenye baiskeli ambayo asingepewa?"

"Ndiyo."

"Na wewe umeshinda, zawadi yako ni kutembea mara mbili."

"Ndiyo."

Mwanne aliweka paji la uso mkekani. Mabega yalikuwa yakitikisika. Bwanali aliinama aone kama analia au anacheka, hakuweza kujua, na binti wa jirani alitoka nje taratibu.

Alizitembea njia mbili. Leo Makote, kesho mteremko wa Chidya, keshokutwa Makote. Mlangoni kwa Lukmani alipita kila mara, na Lukmani aliyekuwa akimkaribisha kwa vichekesho sasa alikaa nyuma ya nyumba akitengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umeharibika. Mkewe ndiye aliyeitikia salamu. Siku moja Bwanali alifikisha hati ya mwito kwa mtu ambaye kesi yake ilikuwa imekwisha hukumiwa juzi. Mtu yule alimtukana hadharani, na Bwanali alijua kuwa mtu huyo ana haki.

Kesho yake aliweka mikoba miwili juu ya meza ya liwali.

"Mheshimiwa, mimi ni mmoja. Njia ni mbili."

"Unataka nifanyeje?" liwali alisema. Naye alikuwa amekwisha kuchoka, kwa kuwa wenye kesi walikuwa wakimjia nyumbani. "Amri imetoka juu. Asiyejua baiskeli aachishwe."

"Na akijua?"

Liwali alimtazama Cecil. Cecil aliisoma amri tena, juu mpaka chini.

"Haisemi," alikiri.

"Kama haisemi haikatazi," alisema Bwanali. "Nipeni mwezi nimfundishe Lukmani."

"Mwezi, na njia zote mbili unaendelea nazo?" liwali aliuliza.

Bwanali alivuta pumzi. "Ninaendelea nazo."

Mwanne aliposikia alisema ana wazimu, kisha akauliza baiskeli itatoka wapi, maana yeye habebi korosho ya mtu tena. Alfani ndiye aliyejitolea. Alikuwa akiona haya tangu siku ile. Kila alipotoka Masasi aliileta baiskeli ya serikali mteremkoni, na asipokuwepo walifanya kwa mdomo tu, Lukmani amekaa juu ya kinu akieleza atashika nini kwanza. Kumpata Lukmani mwenyewe kulichukua siku tatu za kukataa. Alisema amezeeka, amechekwa inatosha. Bwanali alimwambia kuchekwa hakujamtosha bado, asubiri aone ya bata.

Bwanali alikuwa mwalimu mbaya. Alikimbia nyuma ya baiskeli baada ya kutembea kutwa nzima, akipiga kelele, "Macho! Pinda! Breki! Si huko! Kwa nini unatazama chini?" Lukmani akaanguka na kusema hirizi imeingiwa na mchanga.

"Hirizi ivae tu," Mwanne alisema, "lakini macho yawe mbele. Na wewe, Baba Mrisho, usimwambie yote. Mwambie moja."

"Nimemwambia moja mara mia!"

"Basi mwambie la mia na moja."

Lukmani alijaribiwa mbele ya liwali na karani peke yao, siku isiyo na kesi. Aligonga meza ya Cecil, wino ukamwagika, lakini alishuka mwenyewe kwa mguu wa kushoto akasimama. Cecil aliitazama suruali yake yenye wino, akamtazama liwali. Liwali alisema yeye hakuona meza. Lukmani akarudishiwa mkoba wake.

Baiskeli mbili zilizobaki hazikufika mwezi ule, wala baada ya masika. Lakini asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini Lukmani alimpitia mwenzake, wakaondoka pamoja kwa miguu mpaka njia panda, tarbushi zimenyooka, mchanga ukiwafika kwenye vifundo. Mwanne aliwasikia wakibishana kabla hata hawajapita mikorosho. Lukmani alikuwa akisema kwamba kwenye mteremko ule wa kwao mtu angefaa kushika breki ya nyuma kwanza. Bwanali akasema hajui lolote, angekwenda kichwakichwa mpaka mtoni, ni zote mbili kwa pamoja, taratibu. Walisimama kabisa katikati ya njia waonyeshane kwa mikono.

"Nyie!" Mwanne aliita kutoka kibandani. "Jua linapanda!"

Wakaendelea kutembea.